Tairi kubwa zimeingia: sasa uweke upepo kiasi gani?

Fundi akimaliza kukaza nati za gurudumu la mwisho, huchukua mpira wa kompresa na kuuliza, "Mkubwa, niweke ngapi?" Ukinyamaza, ataweka yake. Kwa mafundi wengi wa Kirinyaga Road na Industrial Area yake huwa PSI 35 au 40 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo), na kila gari hupewa hiyohiyo, liwe Jimny au pikapu inayobeba mawe ya Ndarugo. Namba hiyo itakufikisha nyumbani. Kukufikisha Marsabit ukiwa na familia ndani na hema juu ya paa ni habari nyingine.

Gari lako tayari lina namba mbili zilizoandikwa, na hakuna hata moja inayomjibu fundi. Ya kwanza iko kwenye stika ya mlango wa dereva: hiyo ilihesabiwa kwa tairi ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Ya pili iko ubavuni mwa tairi mpya, karibu na neno MAX. Hiyo ni ya kubebea mzigo wa juu kabisa ambao tairi inaruhusiwa, mzigo ambao gari lako huenda lisiufikie hata siku moja. Kati ya namba hizo mbili kuna yako, na unaitafuta mwenyewe kwa geji, chaki na safari ya nusu saa.

Hatua ya 1: Soma stika, kisha usome ubavu

Magari mengi ya Nairobi yalitembea Japani kwanza, kwa hiyo stika huwa ya Kijapani na upepo umeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha shinikizo. Usiogope maandishi, tafuta saizi ya tairi, kisha namba iliyo kando yake. Igawanye kwa 6.9 upate PSI. Kwa hiyo kPa 200 ni PSI 29, 220 ni 32, na 250 ni 36. Angalia kama namba ya mbele na ya nyuma zinatofautiana, na kama kuna nyingine ya gari lililojaa. Ziandike zote.

Sasa inama uangalie tairi mpya. Tuseme ile ya zamani ilikuwa 265/65R17 112, na mpya ni LT285/70R17 121/118. Mia mbili themanini na tano ni upana kwa milimita, sabini ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na kumi na saba ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, kipenyo kimetoka milimita 776 hadi karibu 831. Namba ya 112 inamaanisha tairi moja inaweza kubeba kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili. 121 ni kilo 1,450. Ile 118 inayofuata ni ya magari yanayofungwa tairi mbili mbili nyuma, iache.

Herufi mbili zilizotangulia, LT, ndizo zenye mambo. Tairi ya LT ilitengenezewa malori madogo. Mwili wake ni mzito, nyuzi zake ni ngumu, na inahitaji upepo zaidi ya tairi ya kawaida ya saizi hiyohiyo ili kubeba mzigo uleule. Utakuta pia herufi ya daraja: C, ambayo kwa kawaida kikomo chake ni PSI 50, D ni 65, na E ni 80. Watu hununua E kwa sababu haitobolewi ovyo na miiba na mawe makali, na hilo ni jambo la maana huku kwetu, lakini wanaendelea kuijaza 29 ya stika ya zamani. Gari likianza kuyumba kwenye kona za Limuru wanalaumu shokabsoba.

Upande mwingine, tairi kubwa ina nafasi zaidi ya hewa, na hewa nyingi hubeba mzigo uleule kwa PSI ndogo zaidi. Kwa hiyo kuna mivutano miwili: ukubwa unashusha namba, LT inaipandisha. Ndiyo maana mtu na jirani yake wenye Prado zinazofanana wanaweza kutofautiana kwa PSI sita na wote wakawa sawa.

Hatua ya 2: Jua gari lina uzito gani, na umekaa wapi

Hewa ndiyo inayobeba gari. Mpira kazi yake ni kuizuia isitoke. Kwa hiyo upepo unafuata uzito, na uzito wa gari lililofungwa tairi kubwa mara nyingi umeshabadilika. Mwenye tairi kubwa hakosi bampa ya chuma mbele, winchi, keria, na hema la juu linaloweza kufika kilo 60 au zaidi. Mtungi wa lita 20 za maji ni kilo 20 bila kuhesabu mtungi wenyewe. Friji, betri ya pili, jiko, watu watano.

Njia safi ni kupima. Tafuta mizani ya kibiashara, zile zinazopima malori ya mchanga, nafaka au vyuma chakavu, uende gari likiwa limepakiwa kama unavyosafiri. Panda na magurudumu ya mbele peke yake, soma, halafu ya nyuma. Gawanya kila namba kwa mbili. Tuseme mbele umepata kilo 1,150 na nyuma 1,400: kila tairi ya mbele inabeba 575, kila ya nyuma 700. Linganisha na 1,450 ya ubavuni utaona mara moja kwa nini PSI 80 ni upuuzi kwa gari hili. Utaona pia kwamba nyuma kunahitaji zaidi ya mbele, jambo ambalo mtu anayejaza namba moja kote analipuuza kila siku.

Watengenezaji wakubwa wa tairi wana majedwali yanayoonyesha saizi fulani inabeba kilo ngapi kwa kila PSI. Ukilipata la tairi yako, tafuta namba inayobeba uzito wako na uongeze akiba kidogo. Hiyo ndiyo sakafu yako kwenye lami. Chini ya hapo hushuki, hata chaki ikisema nini.

Ukilikosa jedwali, anza hivi. Kama tairi mpya si ya LT, na namba yake ya mzigo ni sawa au kubwa kuliko ya zamani, anza na PSI ya stika. Kama ni LT na gari ni zito, la aina ya Prado, Land Cruiser au Hilux, anza na stika kisha uongeze kama 6 hivi. Stika ya 29 inakupa 35 au 36, na nyuma ongeza mbili au tatu ukiwa na mzigo.

Jimny haiingii kwenye kanuni hii. Gari lenyewe ni tani moja na kidogo. Ukilifunga LT 235/75R15 na kuongeza PSI sita, tairi inakuwa jiwe: gari linarukaruka kwenye kila tuta, na uso wa tairi unagusa lami kwa mstari mwembamba katikati. Kwa magari mepesi anza na stika yenyewe, halafu uache chaki iamue.

Hatua ya 3: Pima asubuhi, kwa geji yako

Tairi "baridi" ni ile ya gari lililosimama angalau masaa matatu bila kupigwa na jua. Kwa wengi wetu hiyo ni asubuhi, kabla hujatoka getini. Ukiendesha kilomita kumi hadi kituo cha mafuta, namba unayoiona pale imeshapanda. Joto likibadilika kwa nyuzi tano au sita hivi za Selsiasi, upepo unabadilika kwa kama PSI moja. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi na mchana wa Magadi si siku moja hata kidogo.

Nunua geji yako. Mashine za vituo vya mafuta hutofautiana. Pima tairi moja kwenye vituo viwili vilivyotazamana barabarani na usishangae zikitofautiana kwa PSI tatu. Geji yako hata ikikosea kidogo, inakosea vilevile kila siku, na unachofuatilia ni mabadiliko.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo miongozo ya nchi za nyanda za chini hailitaji. Geji inapima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje hapa ni nyepesi. Ukiteremka Mombasa bila kugusa tairi, geji itasoma kama PSI mbili na nusu chini, kwa sababu tu hewa ya nje imekuwa nzito. Lakini Mombasa kuna joto, na joto linarudisha sehemu kubwa ya hiyo. Kwa hiyo ukipima asubuhi ya kwanza pwani ukute imeshuka PSI moja, usianze kutafuta pancha. Rekebisha, na ukirudi Nairobi upime tena.

Ulipie kujaziwa naitrojeni? Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Pesa hiyo nunulia geji.

Hatua ya 4: Chaki

Hii hatua ni ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayofundisha zaidi. Tafuta lami tambarare iliyonyooka, isiyo na mteremko wa pembeni: maegesho ya duka kubwa Jumapili asubuhi, au barabara ya ndani ya mtaa. Kabro haifai, viungo vyake vinachanganya alama. Chukua chaki nene ya ubao na uchore mstari mpana kukatiza uso wa tairi, kutoka ukingo hadi ukingo. Fanya hivyo kwenye tairi zote nne, na kwa tairi za MT (za matope) zenye meno makubwa chora sehemu tatu tofauti, kwa sababu jino moja linaweza kukudanganya.

Endesha polepole, mbele tu, bila kukata kona, mita hamsini hadi mia. Simama, shuka, piga goti.

Chaki ikiwa imefutika katikati na kubaki kwenye kingo zote mbili, upepo umezidi. Ikifutika kingo na kubaki katikati, umepungua. Ikifutika sawasawa kote, uko karibu na namba yako. Ikifutika ukingo mmoja tu, hapo upepo hauhusiki, peleka gari kwa watu wa alaimenti. Kufunga tairi kubwa na kuinua gari mara nyingi huvuruga pembe za magurudumu. Badilisha upepo kwa PSI mbili mbili, chora upya, rudia. Mbele na nyuma zitakupa namba tofauti, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Pakia mzigo wa safari urudie nyuma, upate namba ya pili.

Ila chaki ina mipaka, na hapa ndipo watu wa E wanapoteleza. Ubavu wa tairi ya daraja E ni mgumu kiasi kwamba uso unaweza kukaa bapa hata upepo ukiwa umepungua. Chaki inakwambia tairi inavyogusa barabara kwa mwendo wa kutembea. Haikuambii itapata joto kiasi gani kwa kilomita 100 kwa saa pale Kiboko, saa nane mchana, gari limejaa. Chaki ikikushusha hadi 26 kwenye Prado yenye mzigo, rudi kwenye sakafu yako ya Hatua ya 2, kisha ujaribu kwa joto.

Hatua ya 5: Acha joto liseme

Jaza namba uliyoipata, tairi zikiwa baridi. Iandike. Ingia Thika Road au Southern Bypass asubuhi kabla ya msongamano, uendeshe nusu saa hadi dakika arobaini kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, bila kukanyaga breki ovyo. Simama mahali salama nje ya barabara na upime papo hapo.

Tairi ya kawaida inatakiwa iwe imepanda kama PSI 4. Tairi ya LT inaweza kufika 6. Ulianza na 36, sasa inasoma 40 hadi 42: vizuri, hiyo ndiyo namba yako. Ikisoma 45, imepata joto kupita kiasi, na dawa ni kuongeza upepo siku ya pili ikiwa baridi, PSI mbili au tatu. Wengi hapa huenda kinyume: wanaona namba imepanda sana, wanatoa. Kilichoipandisha ni ubavu uliokuwa ukijikunja kila mzunguko kwa sababu upepo ulikuwa haba. Kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linalopasua tairi kwenye barabara ndefu. Ikisoma 37 tu, imejaa mno na haifanyi kazi. Punguza mbili urudie.

Kwa hiyo ukisimama Mtito Andei kunywa chai, na kijana wa kituo akakwambia upepo umezidi, mshukuru na umwache. Tairi moto haipunguzwi.

Pima zote nne. Moja ikipanda zaidi ya wenzake kwa kiasi kikubwa, weka mkono karibu na rimu bila kuigusa. Joto kali la gurudumu moja mara nyingi ni breki iliyoshika au beringi, na kuongeza upepo hakutakusaidia kitu.

Ukimaliza, andika namba zako kwenye kipande cha selotepu nyeupe, mbele na nyuma, gari tupu na gari lililojaa, ubandike juu ya ile stika ya zamani. Fundi akikuuliza tena, fungua mlango umwonyeshe.

Hatua ya 6: Ukitoka kwenye lami

Namba yote tuliyoitafuta ni ya lami. Ukiacha lami, unashuka, na ukishuka upepo unashusha pia mwendo; hivi viwili haviachani. Tairi iliyopunguzwa upepo inarefuka chini, uso wake unashika ardhi kwa urefu zaidi, na inazungukia jiwe badala ya kupambana nalo.

Kwenye moramu ngumu yenye mikunjo kama bati, kama zile za kuelekea Amboseli, toa robo ya upepo. Kutoka 36 shuka hadi 27 au 28, na usipite kilomita 80 kwa saa. Utahisi tofauti kwenye usukani ndani ya dakika moja, na meno yako pia.

Udongo mweusi wa Mara ukilowa, shuka hadi karibu 20. Usitarajie makubwa: ule udongo unajaza meno ya tairi hadi inakuwa laini kabisa, na ukiwa na AT za kawaida (tairi za lami na nje ya lami) njia bora wakati mwingine ni kusubiri jua. Kwenye mawe, 18 hadi 22 ukiendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mchanga mzito, wa jangwa la Chalbi au wa lugga (mito mikavu) za kaskazini, 15 hadi 18, mwendo wa polepole, bila kukata kona kwa ghafla. Chini ya hapo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, hasa ukigeuza usukani huku magurudumu yakizunguka. Ukikwama kabisa unaweza kushuka PSI mbili tatu zaidi ili utoke tu, halafu ujaze.

Bila kompresa ya gari usishushe upepo kabisa. Na zile ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya sigara hazifai kwa tairi za inchi 32: zinachemka, zinakata fyuzi, na unakaa juani dakika ishirini kwa tairi moja. Nunua inayofungwa moja kwa moja kwenye betri kwa klipu, na injini iwe inanguruma unapoitumia. Ukiiona lami, simama ujaze kabla hujaongeza mwendo, hata kama lori lililo nyuma yako linapiga honi.

Mambo madogo yaliyobaki

Spidomita sasa inakudanganya. Kwa mfano wetu wa milimita 776 kwenda 831, tairi inasonga mbele asilimia saba zaidi kila mzunguko, kwa hiyo kama spidomita ilikuwa sahihi hapo awali, ikisoma 100 sasa uko 107. Ilinganishe na GPS ya simu mara moja ujue tofauti yako.

Geuza usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo, usikilize kama tairi inakwaruza plastiki ya ndani au ngao ya matope. Ikikwaruza, usijaribu kuponya kwa upepo.

Pima mara moja kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili, na kila unapobadilisha mzigo. Spea iwe saizi ileile, hasa kwa magari ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, maana tairi ya kipenyo tofauti inaumiza difu. Ijaze kiasi cha nyuma ukiwa na mzigo, uongeze PSI tano. Ikihitajika mbele, unatoa palepale kwa sekunde chache. Na kama inaning'inia chini ya gari, iteremshe sasa ukiwa nyumbani, uone kama tairi kubwa inaingia pale bila kugusa egzosi, na kama jeki uliyonayo inafika juu ya kutosha kwa gari hilo jipya refu.